Miguu Chini ya Gunia

Wairimu mwanangu,

Umelala. Nasikia pumzi zako upande wa pili wa pazia, pumzi za mtu aliyetua mzigo. Mzigo wenyewe umenitwika mimi, na sasa nimekaa jikoni, viazi ulivyoacha kumenya bado viko kwenye maji.

Uliponiambia neno lile jioni ulidhani nimenyamaza kwa hasira. Hasira ilikuja baadaye na nitaisema. Kwanza nilishtuka tu, nikashtuka hata nikasahau kama nimesimama au nimekaa. Uliniuliza kama nimekusikia, nikasema ndiyo, nikatoka nje kuangalia kuku ambao nilikuwa nimeshawafungia.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wa dini alichotufundishia herufi, na pia kwa sababu Kikuyu chetu nikikiandika usiku wa leo nitalia na karatasi italoa.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango mapema. Umekaa Nakuru miaka miwili kwenye zahanati ya misheni, hayo unayajua kunishinda. Nataka kusema juu ya baba yako, na Mbugua, na mimi. Kesho unaondoka kwenda kulea watoto watatu wa Mbugua, na wiki hii yote nimekuwa nikikuambia kwamba utanizika kwanza. Nilikuambia unatema mate juu ya mifupa ya baba yako. Ulisikia, ukainama, ukaendelea kukunja nguo zako. Nilidhani ni ukaidi, maana ukaidi umeupata kwangu na ninaujua.

Wewe ulimjua baba yako kama mtu anayerudi jioni ananuka maziwa na kukuita mama, kwa kuwa umebeba jina la mama yake. Mimi nilimjua kama mtu ambaye kanisani hukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuimba kwa sauti. Hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda. Mimi ndiye niliyesimama mbele na kitambaa cheupe kichwani, nikiwafundisha watoto wa laini zetu za vibarua yale ambayo Paulo aliwaandikia watu wa Korintho juu ya upendo. Tulizihesabu sifa za upendo kwa vidole. Una subira, kidole. Hauna wivu, kidole. Haujivuni, kidole. Tukifika ile ya hauhesabu mabaya tulikuwa tumeshaingia mkono wa pili, na watoto wanacheka kwa sababu nilikuwa nawaruhusu kuvua viatu, wale wachache waliokuwa navyo, ili tuhesabie na vidole vya miguu. Baba yako alikuwa ananisikiliza kutoka mlangoni akitabasamu. Niliona kama anajifunza.

Yeye na Mbugua walizaliwa hapa hapa Mau Narok, katika shamba hili hili, wazazi wao wakiwa vibarua wa mzungu. Walichunga ng'ombe pamoja na wakatahiriwa siku moja. Siku ambayo fahali wa bwana alimkanyaga Mbugua mguu wa kushoto, baba yako ndiye aliyembeba mgongoni kutoka malishoni. Kidole gumba kilipona kikiwa kimelala juu ya vidole vingine, na kidole cha mwisho hakikupona, kilikatwa. Hiyo ndiyo miguu ya Mbugua. Hapa shambani mtu yeyote aliyepita nyuma yake kwenye matope alijua Mbugua ametangulia.

Asubuhi ile ya Hali ya Hatari walipokuja askari kuwasaka waliokula kiapo, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilikufungia nyumbani kwa nje, ndiyo sababu hukuona. Wanaume wote Wakikuyu walikusanywa mbele ya kibanda cha kukaushia maua ya pareto, wakakalishwa kwenye nyasi zenye umande. Sisi wanawake tuliwekwa nyuma yao, nje ya ua wa nyaya. Kisha akaletwa mtu aliyefunikwa gunia la ngano, limetobolewa matundu mawili ya macho. Kila mwanaume aliinuka akapita mbele yake. Gunia likitulia, unarudi kazini. Gunia likitikisa kichwa, unapandishwa lori.

Wenzangu walikuwa wakiangalia yale matundu, wakijaribu kujua macho ni ya nani. Mimi niliangalia chini. Gunia lilikuwa limemfika chini kidogo ya magoti.

Baba yako alipofika mbele yake nilikuwa nimeshajua ni nani aliyesimama pale, na moyo wangu ulitulia, Wairimu. Nilisema hapa tumepona, huyu ni ndugu yake. Gunia likatikisa kichwa. Niliona mgongo wa baba yako ukisimama pale kitambo kidogo, kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu, kisha askari akamsukuma. Alipokuwa anapandishwa lori yule mtu wa gunia akachutama, akavuta gunia mpaka likagusa nyasi, miguu ikapotea. Alibaki amechutama hivyo hadi mwisho. Mimi nikasema moyoni kwamba ni aibu iliyomkunja.

Jioni ile ile, bombani, niliwaambia wanawake. Niliweka ndoo chini nikasema ni Mbugua, nimeona miguu yake kwa macho yangu. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Unajua yaliyofuata kwa sababu uliyakulia. Nyokabi mkewe akija bombani, wengine wanaondoka na ndoo tupu kuliko kusimama naye. Watoto wao walicheza peke yao. Sisi wanawake mzungu alituacha shambani kwa kuwa pareto ilikuwa imechanua na hakuwa na watu wa kuichuma, basi tukawa tunaonana nao kila siku mistarini, na kila siku hatukuwaona. Na Jumapili nikisimama mbele ya watoto wale nikihesabu vidole, sikuona tatizo lolote. Upendo niliofundisha ulikuwa tabia njema. Kusalimiana vizuri, kukopeshana chumvi, kutosengenya mke wa nyapara. Nilikuwa fundi wa upendo huo.

Kisha Nyokabi akajifungua mtoto wa tatu, wakati wa mvua ndefu. Unajua desturi yetu, mwanamke akijifungua wenzake wanamletea kuni na maji na uji, wanaimba mlangoni, na yeye hagusi kazi. Nilifunga mzigo wa kuni. Nataka ujue hilo, niliufunga kwa kamba, nikauweka mlangoni, nikavaa shuka. Halafu nikaketi. Nikafikiria lile lori. Nikaufungua ule mzigo na kuwasha moto wangu mwenyewe, nikajisikia nimemtendea haki mume wangu. Hakuna mwanamke aliyekwenda. Siku ya pili Nyokabi alipita hapa nje kwenye mvua na kamba ya kuni mgongoni, damu haijakauka, nami nilimtazama kupitia ufa wa mlango. Alianza kukohoa mwezi ule na hakuacha mpaka walipomzika. Mbugua akachukua watoto akahamia kule kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon, na sisi tukasema shamba limepata hewa.

Baba yako tayari alikuwa amekufa kwenye kambi ya kizuizini. Aliyeleta habari ni yule mzee Gitau wa Njoro aliyelala naye kibanda kimoja. Gitau aliniambia kwamba kule kambini kila mtu alijua jina la aliyemtikisia kichwa, walikuwa wakiyahifadhi majina hayo kwa siku watakayotoka. Baba yako akiulizwa alijibu jibu moja tu, kwamba mtu yule alikuwa amefunikwa gunia. Nilimcheka baba yako mbele ya Gitau, Mungu anisamehe. Nilisema Njoroge wangu ni mpole hata wa akili, amebeba mguu ule mgongoni mwake akiwa kijana na bado ameshindwa kuutambua.

Sasa nije kwenye siku ile nilipopanda lori la viazi kuja kukuona Nakuru. Nilipita nyuma ya zahanati nikitaka nikushtue, wewe unanijua na mizaha yangu. Nikakukuta umepiga magoti kwenye saruji, beseni la maji ya dawa kando yako, pini mkononi, unamtoa mtu funza. Nilianza kucheka kwa jinsi ulivyotoa ulimi nje kama ulivyokuwa mtoto. Kisha nikaona mguu ulioushika.

Sikumwangalia usoni. Nilishuka kituoni na gunia langu la viazi, nikarudi nalo Mau Narok. Wiki nzima nilijiambia hukujua ni nani. Ulipokuja Jumapili iliyopita baada ya ibada ukaniambia kwamba Mbugua anaingizwa hospitali ya kifua na madaktari hawasemi kama atatoka, kwamba ndugu zake wamewakataa watoto wake, na kwamba umemwomba mchungaji akupe ile kazi ya kufundisha watoto wadogo pale kiwandani ili uwachukue wale watatu, nilielewa kwamba ulijua tangu mwanzo. Ulijua ukashika pini.

Nilikuuliza ni kijana gani ataoa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye watoto watatu wa msaliti. Ulisema hujui. Nilikuuliza nani amekufundisha wazimu huu. Hapo ndipo uliponitazama kwa mshangao wa kweli, ukasema, "Si wewe, mama? Pale mbele, kwa vidole?"

Wairimu, hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi la namna hiyo. Miaka yote ile sikujua kwamba kulikuwa na mtoto darasani aliyekuwa akiamini.

Hata hapo sikukuruhusu. Na wewe ungeweza kunimaliza kwa neno moja, maana ulikuwa nalo mkononi, ukanivumilia wiki nzima nikikutukana. Umelitoa jioni hii tu, kwa shida, nilipokuambia kwamba ukitoka kwenye mlango huu baba yako atakukana huko aliko. Ulisema Mbugua alikusihi usiniambie kamwe, akihofia litaniumiza. Ulitaka nikuruhusu bila kulijua.

Narudia ulivyosema ili niamini. Mbugua hakujitetea. Alisema waliompeleka pale walimwambia atikise kichwa la sivyo apande lori yeye na Nyokabi, na alikuwa ameshawapitisha wengi bila kutikisa, mtu akamgonga ubavu kwa kitako cha bunduki kutoka nyuma. Aliyefuata kwenye mstari alikuwa Njoroge. Hakumchagua, wala hakumwepusha. Akatikisa. Na baba yako, akiwa ameshaona kichwa kile kinakwenda juu na chini, akiwa anajua lori linamngoja, alitazama miguu, akasema polepole bila kuinua uso, "Chutama ufunike miguu. Watakujua."

Ndipo nilipokwenda kuangalia kuku.

Baadaye, nikiwa kule kwenye banda la kuku gizani, hasira ikanikamata, na nitakuambia ilikuwa kwa nani. Ilikuwa kwa baba yako. Alijua hatarudi leo, pengine hatarudi kabisa. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, nimeshika nyaya mpaka mikono ikachubuka. Angeweza kugeuka. Angeweza kunipigia kelele neno lolote, hata kuniambia nimfungie mbuzi. Maneno yake ya mwisho hapa nyumbani hakuniachia mimi wala wewe. Alimpa yule. Nimekaa na kuku nikimwonea wivu mgonjwa wa kifua, mimi niliyekuwa nahesabu kidole cha wivu mbele ya watoto.

Hasira ilipopungua nikabaki na hofu. Baba yako alitumia pumzi ile kumficha Mbugua, nami nikamfichua kabla jua halijazama. Wakati ule watu walikuwa wakikatwa mapanga kwa jina moja tu lililotajwa bombani. Kama hakuuawa kwa kinywa changu ni kwa sababu nyapara alimruhusu kulala kwenye stoo ya mzungu, nami nikalalamika hata kwa hilo. Mume wangu na mimi tuliiona miguu ile ile asubuhi moja.

Nimekuwa nikijiuliza alilipata wapi neno lile kwa haraka hivyo. Hakuwa na nafasi ya kuomba wala kufikiri. Nadhani alikuwa amelizoea tayari katika mambo madogo ambayo mimi sikuyatilia maanani. Ng'ombe akipotea zamu ya mwenzake, alisema tulikuwa wawili. Nikiunguza ugali mbele ya wageni, alisema anaupenda ulioungua. Nilimwona mtu asiye na makuu, na kwa kweli nilimdharau kidogo, kwa namna ambayo wake waongeaji huwadharau waume wanyamavu.

Kwa hiyo nenda. Sikupi ruhusa kwa sababu umenishinda, ingawa umenishinda. Nenda, lakini chukua na haya machache kutoka kwa mtu aliyefundisha asichokijua.

Wale watoto hawatakushukuru. Yule mkubwa anakumbuka jinsi sisi tulivyokuwa tukiondoka bombani, na atakutazama kama mtu aliyekuja kumchukulia kitu. Mwache akutazame hivyo. Usimweleze kwamba baba yake alifanya nini na wewe umesamehe nini, hata siku atakapokutukana, hasa siku hiyo. Ukisikia ulimi unawasha kusema, kumbuka mama yako na ndoo yake.

Usiwalee ili watu wa kanisa waone. Watakuja, nawajua, nimekuwa mmoja wao. Watakusifu mbele yako kisha watawauliza watoto kama wanakula vizuri. Na usiwalee ili kunionyesha mimi, maana nimeshaona.

Ukichoka, sema umechoka. Baba yako hakuwa anasema, na nilijua amechoka kwa jinsi alivyokaa kimya kuliko kawaida yake. Hilo usimwige. Njoo nyumbani na watoto wote watatu, mlale mchana kutwa, nami nitapika na kufokea kila mtu. Yule mdogo, wa wakati wa mvua, mlete kwangu mara nyingi. Sina la kumwambia ila ningependa kumlisha.

Mbugua mwenyewe sijamsamehe. Ningekuandikia kwamba nimesamehe ingekuwa barua nzuri zaidi, lakini ungejua kwamba ni uongo. Jioni hii nimejaribu kulitamka jina lake peke yangu na limetoka vibaya. Labda huanza hivyo, sijui, sijawahi kufanya jambo hili kwa mtu aliyenikosea kweli. Nimewahi kusamehe wanaorudisha bakuli likiwa na ufa.

Kuna jambo moja tu ninalolitaka kutoka kwake, na limenijia sasa hivi nikiandika. Asubuhi ile mimi niliona mgongo. Askari alimsukuma kabla hajageuka, na lori lilikuwa limefunikwa turubai. Miaka hii yote nimelala na ule mgongo. Katika watu wetu wote waliokuwa pale, kupitia matundu yale mawili, ni Mbugua peke yake aliyemwona Njoroge usoni.

Kama alikuwa anaogopa. Kama alikuwa amekasirika hata akiwa anasema vile. Kama macho yake yalitafuta upande wetu. Yote hayo yako ndani ya mtu mmoja mgonjwa kule kwenye kiwanda cha mbao, na mimi nimekuwa nikimwombea afe.

Nilitaka kukuandikia umuulize kwa niaba yangu. Nimekifuta kipande hicho, unaona hapo nilipokipiga mstari. Usimuulize wewe, mwanangu. Mwambie tu asipande gari la hospitali kabla sijafika. Mchungaji anasema gari litakuja Alhamisi. Nitapanda lori la viazi Jumatano, na mimi mwenyewe nitaketi mbele yake.

Mama yako,
Wangari